Kuinua Plau

Desemba 2024 nilishuka basi Katesh jua likielekea kuzama, nikatembea na begi langu hadi nyumbani, nikamkuta baba amelala chali chini ya trekta. Hakutoka. Alinyoosha mkono nje, kiganja wazi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mama, nipe robo tatu.”

Huo ndio uliokuwa mkaribisho wangu baada ya miezi kumi na mmoja Dar es Salaam. Robo tatu ni spana. Bolti za trekta letu ni za inchi, na baba ana boksi la bati lenye spana za inchi ambalo hakuna mtoto wake aliyewahi kuruhusiwa kuliazimisha. Ukilazimisha spana ya milimita isiyolingana inakula kona za nati, na nati ikishakuwa mviringo utahitaji patasi, nyundo na matusi. Baba hatukani, kwa hiyo analinda spana zake.

Trekta lilikuwa haliinui. Asubuhi, mafuta yakiwa ya baridi na mazito, plau ilipanda vizuri. Baada ya saa moja ya kazi mafuta yalipata moto, plau ikaanza kushuka yenyewe, taratibu, mpaka ikagusa ardhi. Mvua za kupandia mahindi zilikuwa zimeshaanza. Kaka yangu aliyeko Babati alikuwa amempata mnunuzi wa chuma chakavu, mtu anayepima kwa kilo na kulipa papo hapo, na alitaka jambo liishe kabla ya Krismasi. Baba alikuwa na miaka sitini na saba, na jicho lake la kulia lilikuwa limeota mtoto wa jicho. “Atakufa chini ya hilo dude,” kaka alinipigia simu kuniambia. Nilikuja kama mpatanishi. Nikaishia kuwa spana boi.

*

Kwa asiyelijua, Massey Ferguson 135 ni trekta dogo. Lilianza kutengenezwa mwaka 1964 katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry, Uingereza. La dizeli lina injini ya Perkins ya silinda tatu, lita mbili na nusu, nguvu za farasi zipatazo arobaini na tano. Gari dogo la abiria la siku hizi linalizidi nguvu mara mbili. Lakini nguvu ya gari ni ya kukimbia, na nguvu ya trekta ni ya kuvuta bila kuchoka, na hiyo Perkins ilijaliwa kuvuta.

Jina lake lina historia ya nchi mbili. Massey ni familia ya Ontario, Kanada, iliyoanza kutengeneza zana za kilimo mwaka 1847. Ferguson ni Harry Ferguson, mtoto wa mkulima kutoka kaskazini mwa Ireland, mtu mkaidi aliyekerwa na jambo moja: trekta za zamani zilikokota plau kama ng'ombe anavyokokota sleji. Plau ikigonga mwamba, trekta lingeweza kupinduka likamlalia dereva. Ferguson akafunga plau kwenye trekta lenyewe kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, kisha akaweka haidroliki ya kuipandisha na kuishusha. Vitu viwili vikawa mashine moja. Kampuni hizo ziliungana mwaka 1953, na leo karibu kila trekta duniani linatumia mikono mitatu ya Ferguson.

Kwa dereva, uvumbuzi huo wote unaishia kwenye leva ndogo upande wa kulia wa kiti. Ukiivuta, plau inapanda. Ukiisukuma, inashuka. Nilikuwa na miaka sita baba aliponikalisha mapajani na kuniruhusu kuivuta kwa kidole kimoja, na vyuma vizito kuliko familia yetu yote vikanyanyuka nyuma yetu.

*

Ndani ya boksi la spana kuna kaunta buku tatu zilizofungwa kwa mpira wa tyubu. Baba ameandika humo kila kitu kilicholipata trekta tangu alinunue mwaka 1991 kwa mfanyabiashara aliyekuwa amekata tamaa nalo. Tarehe, kazi, kipuri, bei. “Filta mbili za dizeli.” “Klachi pleti.” “Rejeta, kuziba, fundi.” Pembeni kuna safu ya ekari alizolima kwa kukodiwa na neno “imelipwa” au “deni”. Nimesoma historia chuo kikuu miaka mitatu na kukaa kwenye nyaraka za watu wengine, lakini sikuwahi kufikiri kwamba nyumbani kwetu kuna nyaraka mpaka usiku ule nilipozisoma kwa mwanga wa simu.

Historia ya matrekta katika nchi hii, ukiisoma kutoka juu, ni historia ya mipango mikubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta yaliyobaki kwenye vita, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta, ili wavunje pori la Ugogo na kuwapatia watu wa London mafuta ya kupikia. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji. Mashine zilivunjika kasi kuliko mafundi walivyoweza kuzitengeneza, vipuri vikawa havipatikani, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Somo lilikuwa wazi: atakayeleta mashine bila kufikiria nani ataishika spana, analeta chuma chakavu cha kesho.

Huku kwetu mambo yalianza kwa namna nyingine. Mbulu ya zamani ilikuwa kubwa, ikijumuisha Karatu na Hanang ya leo. Wairaqw walikuwa wakulima wa milimani waliolima kwa jembe la mkono, wakitandaza samadi na kuotesha majani kwenye matuta ili udongo usiondoke. Ardhi ya milimani ilipobana walisambaa, wengine kaskazini hadi Karatu, wengine kusini kuelekea Hanang. Kufikia miaka ya 1950 na 1960, huko Karatu kulikuwa na Wairaqw waliolima ngano kwa matrekta, yao wenyewe au ya kukodi. Babu yangu wa Dongobesh hakuwa mmoja wao. Yeye alikuwa na ng'ombe wanne na shamba la mteremko. Lakini baba aliliona trekta la kukodi akiwa mtoto, akalifuata siku nzima kwa miguu, akachapwa alipochelewa kurudi kuchunga.

Kisha ikaja ngano ya Hanang. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa na miji inayokua na watu wanaotaka mkate, na serikali haikutaka kuagiza ngano nje. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzishwa mwaka 1969. Kanada, nchi yenye uwanda wa ngano usio na mwisho, ikaleta fedha, wataalamu, mbegu za majaribio na mashine. Uwanda wa Basotu, juu ya Bonde la Ufa, una udongo mweusi mzuri na ubaridi unaofaa ngano. Mashamba yalipanuka hadi yakawa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kila moja lilikuwa na ekari zipatazo 10,000. Mtu anayelima ekari tatu hawezi kuipata picha ya ekari elfu kumi. Baba anasema ulikuwa unaanza mstari asubuhi na chai unakwenda kuinywa upande wa pili.

Baba aliingia kwenye gereji ya mashamba hayo mwaka 1979, akiwa na miaka ishirini na miwili, kushika taa na kuosha vyuma kwa dizeli. Ni miaka anayoisimulia kama wengine wanavyosimulia seminari. Kulikuwa na mafundi Watanzania waliorudi kutoka masomoni Kanada na sheria zao: hakuna mashine inayowashwa kabla ya kupima mafuta, grisi kila nukta, kila siku, filta inabadilishwa kwa saa za kazi, wala si pale mashine inapoanza kukohoa. Kwenye ukuta kulikuwa na mchoro wa kila spana, ili jioni uone kwa jicho moja ni ipi haijarudi. Boksi la baba lina michoro hiyohiyo, amechora kwa rangi nyekundu.

Hiyo ilikuwa ndani ya uzio. Nje ya uzio nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, na kwingineko matrekta yalilala kwa kukosa beringi moja. Vipuri vya mashamba ya ngano vilikuja na msaada. Msaada wa Kanada ulipokoma mwaka 1993, mashine zikaanza kulishana: ya kwanza inatolewa pampu ili ya pili iende, ya pili inatolewa magurudumu ili ya tatu iende. Baadaye baadhi ya mashamba yalirudi kwa vijiji, mengine yakaenda kwa wawekezaji. Baba alikuwa ameshaondoka, na Massey Ferguson lake dogo, lisilo na mfadhili yeyote, lilikuwa likiunguruma.

*

Asubuhi ya pili tulianza na vitu rahisi. Baba hukataa kufungua kitu kikubwa kabla ya kuthibitisha kwamba kidogo si tatizo. Kwenye trekta hili pampu ya haidroliki haizunguki mpaka gia ya nyuma ya kuendeshea mitambo iingizwe. “Nimeshaitwa hadi Endasak kutengeneza haidroliki,” alisema, “nikakuta ni gia tu haijaingia. Nililipwa nauli na soda.”

Ya kwetu ilikuwa imeingia. Tukafungua nati ya chini tukatoa mafuta. Haidroliki na giaboksi hunywa chungu kimoja, karibu lita thelathini. Yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia, na mara nyingi huingia juu, kwenye mpira wa gia uliopasuka, trekta linapolala nje mvuani. Tukabadilisha mpira, tukaosha chujio, tukatia mafuta mapya. Plau ikapanda. Baada ya saa moja ikashuka.

“Basi ni ndani,” baba akasema, kwa sauti ya daktari.

Wakati huohuo injini ilianza kuzima, kwa kuwa kaka alipolisogeza trekta mwezi uliopita aliliacha likaishiwa dizeli kabisa. Dizeli ikiisha, hewa inaingia kwenye mirija, na injini ya dizeli haiwezi kusukuma hewa. Hii kazi naijua tangu darasa la tano. Unalegeza skrubu ya juu ya filta, unapampu kwa kidole leva ya pampu ndogo ubavuni mwa injini, mapovu yanatoka, yanapungua, hadi dizeli safi itoke bila povu. Unafunga. Unahamia skrubu za pampu kubwa, hivyo hivyo. Mwisho unalegeza nati za mirija kwenye noseli, mtu anapiga stata, na ikitema dizeli unafunga moja baada ya nyingine. Ukiruka hatua utarudia zote. Ilishika kwa mara ya tatu, moshi mweupe, kisha mweusi, kisha hakuna.

Usiku niliangalia kwenye simu video za watu wenye trekta kama letu huko Ireland na Kanada. Wana karakana zenye taa nyeupe na sakafu isiyo na doa. Wanalisugua hadi chuma kitupu, wanalipaka nyekundu ya kiwandani, kisha wanalipeleka kwenye maonyesho ambako watu wengine wenye matrekta mekundu wanasimama kuyatazama. Nilimwonyesha baba. Aliangalia kwa jicho lake zima, kimya, kisha akauliza: “Linalima lini?”

Vipuri vyetu havitoki kwao. Injini ileile na haidroliki ya familia ileile ziliendelea kutengenezwa Lahore, Pakistani, na Chennai, India, na viwanda vilivyopata leseni ya Massey Ferguson. Oringi, gasketi na ringi ya pistoni alizozinunua kaka Arusha kwa shingo upande zilikuja kwenye mfuko wa nailoni wenye maandishi ya Lahore. Msaada wa serikali kwa serikali uliisha. Kinacholiendesha trekta letu ni duka la Mhindi, basi la usiku na kondakta anayekubali kubeba kifurushi.

*

Mpaka hapa hii ingeweza kuwa hadithi ya baba hodari na mashine imara, na ningeiandika hivyo miaka ya nyuma. Lakini mama yangu ni Mbarabaig.

Kwa watu wa mama, Basotu haikuwa uwanda mtupu uliokuwa ukisubiri ngano. Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, walihama na mifugo kwa mpangilio wa majira: milimani, msituni, kwenye mito, kwenye mbuga, kandokando ya ziwa lenye chumvi. Kila aina ya malisho ilikuwa na wakati wake wa kuliwa na wakati wake wa kupumzika. Bora kuliko yote yalikuwa malisho ya nyanda zenye udongo mzito, wanayoyaita muhajega, na hayo ndiyo yaliyogeuzwa kuwa mashamba ya ngano. Ukiyaondoa, hujaondoa kipande tu, umevunja mzunguko. Ni kama kutoa gia moja kwenye giaboksi na kumwambia dereva kwamba zilizobaki zinatosha. Mifugo inarundikana kwenye yaliyobaki, yanachoka, na baadaye anakuja mtaalamu kuandika kwamba wafugaji wanaharibu mazingira.

Walienda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji sitini na saba waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu Arusha mwaka 1981, na mwaka 1984 wakashinda. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Ilisema halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kwamba iligawiwa ardhi hiyo kisheria. Tena, ili mtu adai haki ya kimila chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1923, ilimpasa athibitishe kuwa yeye ni mwenyeji kwa tafsiri ya sheria hiyo, na wengi hawakuwa wametoa ushahidi huo. Nilipoisoma kesi hii chuoni nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Niliinamisha kichwa. Watu walioitwa washenzi kwa sababu ya uenyeji wao waliambiwa hawajathibitisha uenyeji wao.

Na kulikuwa na makaburi. Mbarabaig mwenye heshima hazikwi akasahauliwa. Watu wake hukusanyika kwa miezi kumjengea bung'eda, kichuguu kikubwa cha miti, udongo na samadi, na mahali hapo hubaki pa watu wake vizazi kwa vizazi. Miaka inapita, miti inaoza, kichuguu kinashuka, nyasi zinaota. Kwa asiyejua ni tuta tu, na katika kilimo cha mashine tuta ni usumbufu. Makaburi mengi yalilimwa. Hilo lilisemwa na wazee wa Kibarabaig, likaandikwa na watafiti, likafika hadi Kanada.

Nyumbani kwetu halikusemwa. Baba aliijua gereji, mama aliyajua malisho, na sisi watoto tulikua katikati kama watu wanaopita mlango ambao mmoja anaufungua na mwingine anaufunga.

*

Siku ya nne tulifungua juu. Kiti kikatoka, mikono ikakatwa kwenye mfuniko wa haidroliki, bolti zikalegezwa kwa zamu ili mfuniko usipinde. Ni mzito, na kila kitu cha kuinulia kimening'inia chini yake. Vijana wawili wa jirani walisimamisha miti mitatu ya mkaratusi tukafunga winchi ya mnyororo. Baba aliongoza kwa kuupapasa mfuniko, akiwa amefumba lile jicho bovu. Ulipopanda, harufu ya mafuta ya miaka thelathini ikatoka.

Ringi ya pistoni ilikuwa imelika mpaka ukingo wake unakata kidole. Ndiyo maana mafuta mazito yalizuilika na mafuta mepesi yakapenya. Kasoro nzima ilikuwa kitu cha kushika mkononi.

Nilikuwa naisafisha silinda, na kaunta buku ya pili iko wazi juu ya debe kwa sababu nilitaka kuona ringi ile iliwekwa lini. Niliipata: Machi 1998. Nikasoma kwa sauti na mistari ya juu yake, kazi za msimu ule baada ya mvua za El Nino. Mmoja ulisema: “Ekari 12, upande wa Basotu. Imelipwa.” Chini yake baba, ambaye huandika kila kitu, alikuwa ameacha mistari mitano mitupu.

“Hapa uliruka,” nikamwambia.

Alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

“Yule tajiri aliniambia nilime mpaka kwenye mti,” alisema. “Shamba lake binafsi, alikuwa amelipata tu. Karibu na mti kulikuwa na tuta. Nilikuwa nimeshamwoa mama yako miaka saba. Nimeshakaa na wajomba zako, nimeonyeshwa. Nilijua ni nini.”

“Ukafanyaje?”

“Mkono wangu ulikuwa kwenye leva.”

Vijana wa jirani walikuwa wamekwenda kunywa chai. Kuku walikuwa wanachakura kwenye mafuta yaliyomwagika, na baba akawafukuza.

“Trekta lilikuwa linainua siku ile. Halikuwa na kasoro yoyote. Ningevuta hivi,” akanyanyua kidole kimoja, “nikapita juu, nikashusha ng'ambo. Mstari ungeharibika kidogo. Nilifikiria mstari. Nilifikiria yule tajiri atasema sijamaliza ekari, hatanilipa, na wewe ulikuwa na malaria. Nikapita. Zilitoka fito zilizooza, na udongo wa rangi nyingine.”

Sikuwa na la kusema. Nimezoea kuandika kuhusu mashirika, sera na mahakama, ambako kosa lina namba ya kesi. Huyu alikuwa baba, na aliyemponya mtoto kwa fedha ile nilikuwa mimi.

“Mama anajua?”

“Nilimwambia mwaka huohuo. Tulikwenda kwa wazee wake. Waliuliza tuta la nani, hakuna aliyekuwa na uhakika, waliokuwa wanajua walishahama. Nikatoa ng'ombe. Wakampokea, lakini mzee mmoja akaniambia, ng'ombe huyu ni kwa ajili yetu sisi tulio hai. Yule uliyempitia hatujui kama amepokea.”

Kisha akasema kwamba tangu siku hiyo akikodiwa shamba asilolijua hulizunguka kwanza kwa miguu pamoja na mzee wa mahali pale, na wateja wengi walimwacha kwa sababu ya kuchelewesha. Hilo nililijua. Siku zote nilidhani ni umakini wa fundi.

*

Jioni nilimkuta mama anasonga ugali. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kutuambia. Alisonga kwanza, kwa kuwa ugali haungoji.

“Mngemtazama vipi baba yenu?” akasema. “Na hilo trekta ndilo lililowasomesha. Nililichukia mwaka mzima. Halafu nikaona kosa halikuwa la chuma.” Akaupua sufuria. “Mwambie kaka yako asiuze. Likiondoka, baba yako atabaki na mistari ile mitupu bila kitu cha kufanya na mikono yake.”

Nilimpigia kaka. Tulizungumza zaidi ya saa nzima, mara ya kwanza tangu tuwe watu wazima. Hakukubali kabisa, alikubali mpaka mavuno.

Siku ya tano tulirudisha mfuniko. Ni sehemu ngumu kuliko kuufungua: lazima uondoe kifuniko kidogo cha ubavuni, uingize mkono, na kuzikutanisha leva za ndani mahali pake wakati mfuniko unashuka, la sivyo utafunga kila kitu na leva ya nje itakuwa inapunga hewa. Mkono wa baba hautoshi tena, vidole vimevimba viungo. Wangu ulitosha. Alinielekeza kwa maneno, “juu kidogo, sasa nyuma, utasikia,” na kweli nilisikia, kama jino linalorudi kwenye fizi.

Tulilima ekari zetu sita siku iliyofuata. Mimi nilikuwa kitini, baba akitembea mbele na fimbo. Kabla ya kuanza, mama alitembea nasi mpaka wote, kimya, akitazama chini. Hapakuwa na kitu. Palikuwa shamba tu, kwa kadiri alivyojua, na alisema hivyo: “kwa kadiri ninavyojua.”

Saa ya kwanza plau ilipanda na kukaa. Saa ya pili mafuta yakawa ya moto, na ikaendelea kukaa. Jioni tulizima injini plau ikiwa juu, baba akachora alama ya chaki kwenye mkono wa trekta ili tuone kama itashuka usiku. Kabla ya kulala aliniita mezani, akafungua kaunta buku ya pili kwenye mistari ile mitano, akanipa kalamu.

“Macho yangu hayaoni vizuri. Andika wewe. Andika na hilo.”

Niliandika. Mistari mitano haikutosha.

Asubuhi tulikwenda kuangalia chaki. Plau ilikuwa imeshuka upana wa kidole. Baba alisema kwa trekta la umri huu ni kawaida.